Sekunde za Kupoa

Katikati ya miaka ya 1990, barabara itokayo Kamata kwenda uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, sote tuliiita Barabara ya Pugu. Ilikuwa barabara ya viwanda. Alfajiri daladala za Buguruni na Temeke zilimwaga watu kwenye mageti, jioni zikawazoa. Kiwanda chetu kilikuwa upande wa ndani, mbali kidogo na lami: jengo refu la matofali ya saruji lililoezekwa mabati. Ndani mlikuwa na safu mbili za mashine za kuumba plastiki, na katikati yake njia nyembamba yenye utelezi wa mafuta ya haidroliki. Mchana jua lilichoma mabati kwa juu, mashine zikapasha hewa kwa chini, na harufu ya plastiki iliyoyeyuka ilitufuata hadi nyumbani.

Niliingia pale kama kibarua wa kumimina chembe za plastiki kwenye hopa, gunia baada ya gunia la kilo 25. Bidhaa yetu kubwa ilikuwa ndoo. Watu wa rika langu tulikua tukichota maji kwa madebe na ndoo za bati, zile zinazoota kutu kitakoni na kukata vidole. Biashara nchini ilipofunguliwa, plastiki iliingia kila nyumba kwa kasi: ndoo, mabeseni, majagi, vikombe, sahani. Wafanyabiashara wa Kariakoo walifika na malori kabla hata ya saa mbili asubuhi. Mitaa mingi ya jiji haikuwa na bomba ndani ya nyumba, maji yalifika yakiwa kichwani mwa mtu. Ndoo ikipasuka njiani, mwenye nyumba amepoteza maji, fedha na safari, na aghalabu aliyebeba alikuwa msichana wa shule.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee kutoka Unguja ambaye ujana wake aliusomea ufundi Ujerumani Mashariki, enzi zile Zanzibar na nchi ile zilipokuwa na urafiki wa karibu. Kiwanda kizima kilimwita Fundi, kana kwamba mafundi wengine hawakuwapo. Mimi aliniita mwanangu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kila asubuhi alipita mashine kwa mashine na daftari la jalada gumu, akaandika joto la kila sehemu ya pipa, shinikizo, muda wa kusukuma, muda wa kushindilia, muda wa kupoa na joto la maji. Nilipomwuliza kwa nini anaandika namba zilezile kila siku, alinijibu, "Mwanangu, ndoo ikitoka humu imeshaandikiwa siku ya kupasuka. Mimi nataka kujua ni nani aliyeiandikia."

Kazi ya mashine ile inaelezeka kwa dakika chache, lakini kuielewa kulinichukua miaka. Chembe hushuka kutoka kwenye hopa na kuingia kwenye pipa la chuma lililozungushiwa hita. Ndani ya pipa skrubu nene huzunguka. Wageni wengi hudhani hita ndizo zinazoyeyusha plastiki, kumbe mashine ikishachanganya, sehemu kubwa ya joto hutokana na msuguano wa skrubu yenyewe. Plastiki iliyoyeyuka hujikusanya mbele ya skrubu, kisha skrubu husukumwa kwa ghafla na kuipeleka ndani ya moldi, lile pande la chuma lenye uwazi wa umbo la ndoo, kwa shinikizo la mamia ya baa. Moldi hubanwa kwa nguvu ya mamia ya tani ili isifunguke. Plastiki inapopoa hunywea, kwa hiyo skrubu huendelea kuishindilia, ikiongeza kidogo kidogo mpaka tundu la kuingilia ligande. Baada ya hapo kinachobaki ni kungoja.

Kwa ndoo zetu za lita 10, mzunguko mzima ulikuwa kama sekunde 30, na zaidi ya nusu ya sekunde hizo ilikuwa ni ya kungoja kupoa. Ugomvi wote wa kiwanda ulikaa kwenye kungoja huko. Tajiri alipoitazama mashine imefunga kinywa na kutulia, aliona fedha zimelala. Hesabu yake haikuwa na kasoro: kwa sekunde 30 unapata ndoo 120 kwa saa, kwa sekunde 27 unapata 133. Zidisha kwa shifti mbili, zidisha kwa mwezi. Fundi naye alikuwa na hesabu yake, ila yake haikuonekana kwenye karatasi ya mauzo. Ukiitoa ndoo ikiwa bado laini, inajipinda kadiri inavyomalizia kupoa mezani. Upande mmoja unanywea zaidi ya mwingine, na ule mvutano unabaki ndani ya plastiki, umefungwa humo, ukingoja siku ya kwanza ya kujazwa maji.

Ukuta wa chombo ulikuwa na sheria yake pia. Muda wa kupoa huongezeka kwa kipeo cha pili cha unene: ukuta wa milimita 3 huhitaji zaidi ya mara mbili ya muda wa ukuta wa milimita 2. Nilipolijua hilo nilianza kuelewa kwa nini beseni lenye kitako kinene lilitoka na mabonde madogo, wakati ndoo nyembamba ilitoka safi kwenye mashine iliyo jirani. Sehemu nene huganda kwa nje mapema. Ndani hubaki laini, huendelea kunywea, na huvuta ngozi ya nje kuelekea kwake. Beseni la namna hiyo huuzwa kwa bei ileile, na mnunuzi hudhani ni urembo.

Siku zile tulikuwa na tatizo lililowagombanisha watu wa shifti ya mchana na wa usiku. Mifuniko iliyoumbwa mchana haikukaa kwenye ndoo zilizoumbwa usiku. Watu wa usiku walisema wa mchana wanacheza na mashine, wa mchana wakasema wa usiku wanasinzia. Fundi hakumgombeza mtu. Alichukua kipimajoto, akakitumbukiza kwenye tangi la maji ya kupozea moldi saa nane mchana, kisha akarudi saa tisa usiku akapima tena. Tangi letu lilikuwa nje, juani. Mchana maji yalikuwa ya moto kiasi cha mtu kumwogeshea mtoto, usiku yalipoa.

Hapo ndipo aliponisimulia habari za Giulio Natta, mwanakemia wa Milano, ambaye mwaka 1954 aliipata polipropilini, plastiki ile tunayoitumia, na mwaka 1963 akapewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Karl Ziegler. Alichokipata Natta ni plastiki ambayo molekuli zake ndefu zimejengwa kwa mpangilio, na mpangilio huo unaziruhusu kujikunja pamoja na kuwa fuwele zinapopoa. Ukizipoza polepole, zinapata nafasi ya kujipanga, fuwele zinakuwa nyingi na kubwa, zinashikana karibu karibu, na kitu chote kinanywea zaidi. Kinakuwa kigumu, lakini kikipigwa kinapasuka kwa urahisi. Ukizipoza haraka, fuwele zinakuwa ndogo, kitu kinanywea kidogo, na kinastahimili kudondoka. Polipropilini inaponywea hupoteza asilimia 1 hadi 2 na ushei ya urefu wake. Kwa mdomo wa ndoo wenye upana wa sentimita 30, tofauti ya theluthi moja ya asilimia ni karibu milimita moja. Milimita hiyo moja ndiyo iliyokuwa ikiwagombanisha watu wa shifti mbili.

Tangi lilijengewa kibanda cha makuti. Fundi akaweka kanuni kwamba mfuniko wowote upimwe kesho yake, usipimwe ukiwa bado na joto, kwa sababu polipropilini huendelea kunywea hata baada ya kutoka kwenye moldi. Ugomvi ukaisha. Nilijifunza pale kwamba wafanyakazi wengi hulaumiwa kwa makosa ya maji.

Mwaka 1994 ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme. Mvua zilikuwa haba, bwawa la Mtera likapungua, na kwa kuwa maji ya Mtera ndiyo pia yanayoteremka kuendesha mitambo ya Kidatu, nchi nzima ililisikia pigo. Watu wa majumbani walikumbuka giza. Sisi wa viwandani tulikumbuka kilichotokea ndani ya mapipa ya mashine. Umeme ukikatika skrubu ikiwa imejaa, plastiki huganda humo humo. Umeme ukirudi, hita huanza kuipasha kutoka nje kuelekea ndani, na katikati hubaki pagumu kwa muda mrefu. Mwenye haraka akiizungusha skrubu kabla ya wakati anaivunja, na skrubu moja ilikuwa na thamani ya mshahara wa miezi mingi wa mtu kama mimi.

Hatari ya pili haikuonekana kwa macho. Plastiki inayokaa sana kwenye joto huungua polepole. Katika joto na hewa, molekuli zake ndefu hukatika na kuwa fupi. Cha kusikitisha ni kwamba polipropilini iliyochoka hivyo huwa nyepesi kutiririka, hujaza moldi vizuri kuliko ile nzima, na ndoo yake hutoka inang'aa. Asiyejua husifu. Kisha mtu anaidondosha kutoka kiunoni na inavunjika vipande. Baada ya kila kukatika kwa umeme Fundi aliamuru plastiki iliyokuwa kwenye pipa itolewe yote, na ndoo za mwanzo zitengwe. Siku ambazo umeme ulikatika mara tatu rundo lile lilikuwa refu, na tajiri alilitazama kwa uchungu wa haki kabisa, maana malighafi ilinunuliwa kwa fedha za kigeni. Fundi hakuyumba. Alisema ndoo zile zina sura ya ndoo tu.

Ndoo zilizotengwa, pamoja na vikonyo na mabaki yote, zilipelekwa kwenye krasha, zikasagwa na kuchanganywa tena na malighafi mpya. Hilo si kosa, viwanda vingi duniani hufanya hivyo. Lakini kila safari ya kupita kwenye pipa hukata molekuli kidogo zaidi, kwa hiyo kipimo cha mchanganyiko ni suala la uaminifu. Fundi aliruhusu sehemu ndogo ya iliyosagwa, na iliyoungua hakuiruhusu kabisa. Ufunguo wa chumba cha krasha aliufunga kwenye mkanda wa suruali yake.

Jambo lililonifanya nibaki kwenye kazi hii maisha yangu yote lilianza siku ambayo mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo alirudisha shehena. Alikuwa mama wa makamo, mwenye duka la jumla, mtu mpole kwa kawaida. Aliteremsha ndoo zilizovunjika mbele ya ofisi, akazipanga mwenyewe kwenye sakafu, kisha akamwita tajiri. "Baba, njoo uone. Zote zimekatika mahali pamoja. Wateja wangu hawajakaa kikao wakubaliane pa kuzivunjia."

Alisema kweli. Kila ndoo ilikuwa imepasuka kwenye sikio, juu ya tundu la mshikio, na ufa ulikuwa umenyooka. Meneja alisema malighafi ni mbovu. Mtu wa malighafi alisema moldi imechakaa. Fundi aliomba apewe mashine moja kwa saa moja.

Alipunguza kiasi cha plastiki inayosukumwa ili moldi isijae. Ndoo ya kwanza ilitoka kitako kitupu. Akaongeza kidogo, ikatoka kitako na robo ya ukuta. Akaongeza tena, ukuta ukafika nusu, kisha ukafika chini ya masikio. Nilizipokea moja moja na kuzipanga mezani kwa mfuatano, na kila mmoja aliyekuwapo aliona kwa mara ya kwanza kitu kilichokuwa kikitokea gizani ndani ya chuma: plastiki inaingilia katikati ya kitako, inapanda ukutani pande zote, inafika kwenye sikio na kukuta pini ya chuma inayotengeneza tundu. Hapo inagawanyika, mkono mmoja unapita kushoto, mwingine kulia. Kwenye ndoo ya mwisho kabla ya kujaa, tuliona ncha mbili zimesimama juu ya tundu, zinatazamana, hazijagusana.

"Zinakutana hapa," Fundi alisema, akiweka kidole juu ya tundu. "Na mshikio unavuta hapa hapa."

Ncha mbili za plastiki zinazokutana zikiwa bado za moto hushikana, molekuli za upande huu zikaingia upande ule, na mshono unakaribia kuwa na nguvu sawa na sehemu nyingine. Zikifika zimepoa, ni kama madonge mawili ya unga wa chapati yaliyokwisha kukauka kwa juu: ukiyabana yanakaa pamoja, ukiyavuta yanaachana pale pale. Akafungua daftari lake. Namba zake zilisema pipa liwe kwenye nyuzi 230. Mashine ilikuwa inaendeshwa kwa nyuzi 200 hivi, na muda wa kupoa ulikuwa umepunguzwa. Maelezo yalikuwa rahisi: plastiki isiyo moto sana hupoa upesi, na ikipoa upesi mzunguko unafupika. Amri hiyo ilitolewa kwa nia ya kuongeza uzalishaji, na ongezeko lilipatikana kweli, ndoo kumi na kitu kwa kila saa. Ndoo zenyewe sasa zilikuwa zimelala sakafuni mbele ya ofisi.

Fundi alirudisha joto. Aliongeza kasi ya kusukuma ili ncha zifike zikiwa bado laini, akaongeza muda wa kushindilia ili zikandamizwe zinapokutana. Alifungua moldi akasafisha vijia vya kutolea hewa karibu na masikio, kwa sababu hewa inayonaswa kwenye makutano huzuia plastiki kushikana, na ikibanwa sana huwaka na kuacha alama nyeusi. Baada ya mashine kutulia, aliumba ndoo mpya, akasubiri hadi kesho yake, akazijaza maji na kuzitundika kwa mishikio yake usiku kucha. Nyingine alizidondosha zikiwa zimejaa kutoka juu ya ukuta wa geti. Yule mama wa Kariakoo alikuwapo, alikuja kwa hiari yake, na alisimama karibu kiasi cha kulowa gauni.

Tajiri aliuliza swali moja tu: "Sekunde ngapi?" Fundi alipomtajia, alikaa kimya, akatazama shehena iliyorudi, kisha akasema, "Rudisha namba za mzee." Namheshimu kwa hilo hadi leo. Alikuwa mfanyabiashara, na alitambua kwamba sekunde zile tatu hakuwa amezipata kwa mashine. Alikuwa amezikopa kwa wateja wake.

Tangu siku hiyo nilihamishwa kutoka kwenye hopa nikawa msaidizi wa Fundi. Nilikuta anafuatilia ndoo hata baada ya kutoka getini. Aliwauliza madereva wanazipeleka wapi. Zile za kwenda Njombe na Makete alizitaka ziumbwe kwa polipropilini ya aina nyingine, iliyochanganywa na ethilini, kwa kuwa ile ya kawaida hupoteza ustahimilivu baridi inapokaribia nyuzi sifuri, na kule mwezi wa saba baridi hufika kiwango hicho. Mtu aliyeishi Dar es Salaam maisha yake yote asingefikiria kwamba ndoo nayo ina hali ya hewa yake. Fundi alifikiria kwa sababu alikwisha kuishi kwenye theluji.

Siku nyingine alinionyesha kitu kizuri kuliko vyote nilivyoviona pale. Tulikuwa tunaumba vikombe na sahani za polistirini angavu, zile zinazofanana na kioo. Alikuwa na karatasi mbili nyembamba za kijivu alizozibandua kwenye kioo cha kikokotoo kilichoharibika, zile zinazochuja mwanga. Aliniambia nishike moja nyuma ya kikombe na nyingine mbele yake, nielekee dirishani. Kikombe kisicho na rangi kikajaa rangi: mistari ya manjano, zambarau na kijani, imesongamana karibu na tundu la kuingilia, imetawanyika kadiri unavyokwenda mdomoni. "Huo ndio mvutano," alisema. "Umeganda humo." Mahali mistari ilipobanana ndipo plastiki iliposhindiliwa kwa nguvu huku ikipoa, molekuli zikanyooshwa na kukamatwa zikiwa zimenyooka.

Kisha akapaka mafuta ya nazi kwenye kikombe kimoja na kukiweka dirishani. Nyufa nyembamba zilijitokeza pale pale palipokuwa na rangi nyingi. Polistirini haipatani na mafuta. Ikiwa imelegea inaweza kuyavumilia kwa muda, lakini ikiwa na mvutano ndani yake mafuta huifungua. Nilifikiria sahani zetu zote zilizokuwa zikipakuliwa wali wa nazi na samaki wa kukaanga kwa mama lishe wa Gerezani na Keko. Mabeseni ya polithini yana hadithi inayofanana na hiyo: yakiwa na mvutano, maji ya sabuni huyachosha mwaka hadi mwaka mpaka yapasuke, na mfuaji hudhani ameyapiga mahali. Dawa yake ilikuwa palepale kwenye mashine. Tulipasha moldi zaidi, tukapunguza nguvu ya kushindilia, tukavipa vikombe sekunde za kupoa. Nilipovitazama tena kwa zile karatasi za kijivu, mistari ilikuwa michache na mipana.

Nailoni ilinifundisha somo la mwisho. Tulipata kazi ya kuumba bushi za magurudumu, na malighafi yake ilikuwa nailoni. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, hasa wakati wa masika, na nailoni hunyonya maji kutoka hewani. Polipropilini na polithini hazina shida hiyo, kwa hiyo tulikuwa tumezoea magunia kukaa wazi. Bushi za kwanza zilitoka na michirizi ya fedha juu yake na zilivunjika kwa nyundo ndogo. Maji yaliyoingia na chembe kwenye pipa yalikuwa yamegeuka mvuke, na katika joto lile yalikata molekuli zenyewe. Fundi alizikausha chembe kwenye oveni kwa nyuzi 80 kwa saa nyingi, na bushi zikatoka safi.

Kisha akafanya jambo lililonishangaza. Bushi zile safi, kavu, alizitumbukiza kwenye sufuria kubwa ya maji yanayochemka, akaziacha humo. Nailoni ikitoka kwenye moldi huwa kavu mno na huvunjika upesi. Ikishanyonya maji kiasi ndipo hupata ule ukakamavu wake. Ingeweza kuyanyonya yenyewe kutoka hewani kwa majuma mengi, lakini mteja hakuwa na majuma. Maji yaleyale ambayo kabla ya mashine ni sumu, baada ya mashine ni tiba. Nimeona watu wenye shahada wakibisha jambo hilo mpaka walipopewa nyundo.

Fundi alistaafu akarudi Unguja, na daftari aliniachia. Nimefanya kazi kwenye viwanda kadhaa tangu wakati huo, na sasa nafundisha vijana. Mashine za leo zina skrini zinazoandika namba zenyewe, tena kwa kila mzunguko. Hata hivyo namba hizo huandikwa bila kusomwa, na bado nakuta mashine ambazo muda wake wa kupoa umepunguzwa usiku na mtu ambaye hakumwambia yeyote.

Jambo hili linanihusu kwa namna ambayo siwezi kuificha. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na ilifanya vema. Lakini ndoo inayopasuka ndani ya mwaka mmoja ni taka nayo, nzito kuliko mifuko mingi kwa pamoja. Miaka ile jalala la jiji lilikuwa Vingunguti, si mbali na kiwanda, na nilipopita hapo niliona ndoo na mabeseni yaliyopasuka ambayo malighafi yake haikuwa na ubaya wowote. Yaliuawa na haraka. Malighafi ileile, moldi ileile, kwa sekunde chache zaidi na nyuzi chache zaidi, ingekaa jikoni kwa mtu miaka kumi.

Anayenunua ndoo sokoni hana kipimajoto wala karatasi za kuchuja mwanga, lakini anayo macho na mikono. Iweke ndoo sakafuni: ikiyumba, ilipoa vibaya. Inyanyue kwenye mwanga utazame juu ya tundu la mshikio: ukiona mstari ulionyooka, ukunje pale kwa kidole gumba uone kama unafunguka. Tazama kitako, mahali plastiki ilipoingilia: pasiwe na nyufa ndogo zinazotawanyika kutoka katikati. Michirizi ya fedha, mabonde na alama nyeusi za kuungua zote ni maandishi ya mashine, na ukishajua kuyasoma unaweza kumrudishia muuza duka ndoo yake bila kumwonea.

Lakini si haki kumwachia mnunuzi kazi hiyo. Vijana wangu nawaambia wazi kwamba anayesimama mbele ya mashine ndiye mkaguzi pekee ambaye mama wa Mbagala au wa Makete atampata. Somo langu la kwanza kwao halina nadharia. Nawapa mashine, nawaambia wapunguze plastiki, waumbe ndoo zisizojaa moja baada ya nyingine mpaka zile ncha mbili zikutane juu ya tundu. Wakishaziona ndipo tunafungua ukurasa wa kwanza wa daftari na kuanza kujifunza namba.